Kwanza, Kuanguka

Miezi mitatu sikumwangusha mtu.
Miezi mitatu nilianguka tu:
kwa mgongo, kwa ubavu wa kushoto, kwa ubavu wa kulia,
kidevu kifuani, kiganja kikiupiga mkeka,
pa!
kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe
na ndani hamna wa kumfungulia.

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja.
Kushiro, mji wa ukungu, kaskazini kabisa mwa Japani,
ambako Januari hata mate hufika chini yakiwa mawe.
Kipupwe kilichotangulia, barafu ya kituo cha basi
ilinivunja kifundo cha mkono,
na daktari, akinifunga plasta, akasema,
"Mama Inagaki, tatizo si barafu. Hujui kuanguka."
Nilimcheka. Nani asiyejua kuanguka?

Mwalimu Kuwabara ana miaka sabini na minne.
Kimo chake kinaishia begani kwangu,
na akipaza sauti, jiko la mafuta ya taa hushtuka.
Sikumweleza mengi. Nilimtajia kazi yangu:
mashuka ya hospitali, kufua, kupiga pasi, kukunja,
mia nne kwa zamu.
Akanishika vidole, akavigeuzageuza kama anayenunua tangawizi.
"Nguo unaijua," akasema. "Tuanze na usiyoyajua."

Mwenzangu wa judo alikuwa Honoka, miaka kumi na minne,
meno yana waya, kicheko kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Alinirusha Jumanne. Alinirusha Ijumaa.
Aliye juu mngoje chini, husemwa;
mimi nilikuwa chini tayari, nangoja,
nahesabu mbao za dari,
hadi siku moja, ningali hewani,
nikaona kilichonipita miezi yote ile:
mkono wake wa kulia unanitupa,
wa kushoto haujaniachia.
Umeng'ang'ania mkono wa koti langu, unauvuta juu kidogo,
kichwa changu kisifike kabla yangu.

Nilikaa pale nikalia. Honoka akadhani ameniumiza.
Ningemweleza nini mtoto?
Kwamba baba yangu alitupa na kuachia.
Kwamba Shigeo, mume wangu,
aliachia bila hata kutupa.

Mtihani wa kwanza nilishindwa.
Wazee watano nyuma ya meza, nami
nikausahau mrusho wa tatu,
nikasimama katikati ya mkeka nimeshika koti la mtu
kama nashikilia bomba ndani ya basi.
Mwalimu Kuwabara hakunipa pole. Alininunulia tambi za moto,
nusu akazila yeye.

Miaka minne. Niandike nini?
Kidole gumba kilichokataa kukunjika. Magoti.
Ramani ya chumvi kwenye mkanda wa kahawia.
Siku ambazo sikutaka kwenda nikaenda,
na siku ambazo sikutaka kwenda na sikwenda,
nazo zilikuwapo, nisidanganye.

Jumapili moja ya Februari, jaribio la tatu,
nilimrusha muuza bima wa Obihiro aliyenizidi kilo kumi na mbili.
Nikasikia kiganja chake kikiita pa!
na mkono wangu wa kushoto, wenyewe, bila kuambiwa,
ulikuwa umemshika.

Mkanda mweusi ni mgumu kama kamba mpya ya kuanikia.
Unanuka duka. Fundo halikai, ncha zinasimama kama masikio ya sungura.
Mwalimu alisema nusu karne ikipita utachakaa, uwe mweupe tena.
Nikapiga hesabu: nitakuwa na miaka mia na mitano.
"Basi, ufue kwa nguvu," akajibu.

Nikarudi kwa miguu. Kituo kilekile,
barafu ileile, inang'aa kama haijawahi kumdhuru mtu.
Mguu ukashika njia yake.
Kidevu kifuani. Kiganja.
Pa!
Shakwe wawili wakaruka kutoka paani.
Nikabaki nimelala, theluji inaniingia kolani,
mzima,
na kijana mwenye mfuko wa vitunguu akainama,
akaninyooshea mkono, akauliza kama nimeumia.
Hapana, nikamwambia.
Nipe dakika moja tu hapa chini.