Barafu ya Chumvi

Oktoba hii, Katuba, jua limeamka na daftari la madeni,
linapita nyumba kwa nyumba.
Bati linalia ko, ko, kama mtu anayevunja vidole.
Mwelwa wangu, miaka mitatu, anahara tangu jana alfajiri;
nguo zote ziko kambani
na yeye analia bila chozi.

Hilo ndilo lililonitisha. Bila chozi.

Muuguzi wa dispansari alinipa pakiti moja:
"Serumu. Kidogo kidogo, kwa kijiko. Akilegea, mrudishe mbio."
Kijiko cha kwanza akakitema kwenye kitenge changu.
Cha pili akakipiga teke.
Cha tatu nilikinywa mwenyewe, nikamwelewa:
ni kama kunyweshwa kilio cha mtu mwingine.

Lakini mimi ni muuza barafu. Mwaka wa sita huu
nagandisha tangawizi na nanasi katika vimfuko virefu,
nafunga fundo kwa meno.
Mikono inayojua baridi hivi, ilikuwa inangoja nini?

Pakiti ilipokwisha nikapima ya nyumbani, kama alivyonionyesha:
maji lita moja, yaliyochemka yakapoa;
sukari vijiko vidogo sita, vya kufutwa kwa kisu, si vya mlima;
chumvi nusu kijiko.
Nusu, nasema. Hapa usiwe na mkono wa ukarimu,
mkarimu wa chumvi ni adui.

Umeme ulirudi saa tano usiku.
Nilikaa mbele ya kongelateri kama mchumba kwa wakwe,
sisemi, nasikiliza tumbo lake likinguruma.
Saa kumi ukakatika.
Ulikuwa umetosha.

Nikavunja ncha, nikampa.
Akakunja uso. Akaitazama. Akalamba tena.
Kijiko humfuata mtoto, naye hukimbia;
barafu ulimi huifuata wenyewe.
Saa tatu akakojoa, na mimi nikapiga vigelegele,
jirani akatoka na sabuni masikioni: "Nani ameolewa?"

Mchana akapita Banza, baiskeli na magunia matano ya makala
kutoka barabara ya Kasenga.
Akashika ukuta. Misuli ya miguu ilimruka kama samaki kwenye kapu,
na kipajini jasho lilikuwa limekauka likawa chaki.
Nikamnyoshea moja.
"Miye si mutoto, mama."
"Chumvi yako yote iko pale usoni, Banza.
Unataka kuirudisha ndani kwa kiburi?"
Akala tatu. Hakushukuru.
Aliacha makala debe moja mlangoni, akaenda.

Sasa ndoo yangu ina rangi mbili:
ya njano ya kuchekea, nyeupe ya kubakia.

Na Mwelwa, leo, amekasirika: nimemnyima ya njano ya pili.
Machozi yanashuka hadi kidevuni, yanadondoka, mengine yanakuja.
Simbembelezi bado.
Namtazama tu, alivyo tajiri.