Kisanduku cha Viatu

Jumanne, saa kumi na mbili unusu jioni, Thunder Bay,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nimeegesha gari, nikalichomeka kwenye umeme wa ukutani
lisigande damu,
nikapanda ghorofa ya pili ya chuo
na kisanduku cha viatu kwapani.

Aili Korpela, miaka sitini na mmoja,
mwanafunzi.

Tuko tisa. Yupo bwana wa hifadhi ya paka,
yupo mtawa mstaafu wa jiko la supu,
yupo kijana wa makumbusho ya reli
anayechapa kwa vidole kumi huku akitazama dirishani.
Mimi nachapa kwa viwili,
nadonoa herufi kama kuku kwenye changarawe.

Mwalimu ni Shawna Wabasse, rika la binti yangu.
Ameandika ubaoni: HIFADHIDATA.
Na chini yake: Mfadhili si pochi.
Baada ya lile neno la kwanza, sikulitegemea la pili.

Kisandukuni mna kadi mia nne na kumi na mbili,
miaka ishirini na saba ya kuwapeleka watu kusafishwa damu,
mara tatu kwa wiki, theluji ipende isipende.
Petroli. Matairi ya baridi. Chai ya chupa.
Kila kadi jina na kiasi,
na pembeni, kwa penseli:
"Usipige Jumapili." "Mumewe asijue."
"Dola tano kila mwezi. Hulalamika, hutoa."
Huyo wa mwisho ni Orysia Hnatiuk.

Safu moja, jambo moja, asema Shawna.
Jina la kwanza. La ukoo. Kiasi. Tarehe.
Nikauliza, "Na penseli iende wapi?"
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Akabofya, kikafunguka kisanduku kingine upande wa kulia,
cheupe, kirefu: Maelezo.
"Hapa. Yamwage yote."

Wiki ya tatu nikajitia ushujaa.
Barua pepe mia tatu kwa mbofyo mmoja!
Ulimi uliozoea gundi ya bahasha
ukabaki kinywani hauna kazi.
Asubuhi simu hazikunyamaza:
zote zilianza "Mpendwa JINA LA KWANZA."
Haraka yangu haikuwa na baraka,
ilikuwa na herufi kubwa.

Na moja ilimwendea Toivo Lahtinen,
tuliyemzika Oktoba, ardhi ingali yachimbika.

Kerttu, mkewe, alipiga mwenyewe.
Nikaanza kuomba radhi kwa Kifini cha mama yangu,
maneno yakaniishia, nikarukia Kiingereza.
Akanyamaza. Kisha:
"Miezi mitatu, Aili, watu wanamzunguka Toivo
kama shimo kwenye barafu ya ziwa.
Ni mashine yako tu iliyomwandikia.
Hata kama jina haikulijua."
Akacheka, akalia, sijui kipi kilitangulia.
Hakutoa hata senti. Sikuomba.

Jumanne iliyofuata nikamweleza Shawna.
Akanionyesha kimraba kidogo: Marehemu.
"Ukiweka tiki, hatapata barua tena."
Kidole changu, kile kile cha haraka,
kilisimama hapo muda mrefu.
Nikaweka tiki.
Kisha, kwenye Maelezo:
"Aliendesha gari la Alhamisi, miaka kumi na mmoja.
Alitaka redio izimwe, wagonjwa wapate kusinzia.
Kerttu apigiwe kila Oktoba. Si kwa fedha."

Kisanduku nimerudi nacho nyumbani.
Nakala ya pili si dhambi, Shawna kasema.

Na leo imefika bahasha, stempu imebandikwa upande,
mwandiko wa kukwaruza:
"Jina langu la kwanza ni ORYSIA.
Miaka yote hii na hamjui?
Hizi hapa tano za mwezi.
Na hii moja ni ya karo yako."