Kina

Nyanzobe wa kliniki ya macho alinipa uzi
wenye shanga tatu: nyekundu, ya kijani, ya njano.
"Ncha moja funga kwenye nondo ya dirisha,
nyingine ibane puani.
Tazama ushanga wa kati. Ukiona nyuzi mbili
zimepishana pale pale penye ushanga,
mapacha wote wako kazini.
Ukiona mmoja, Doto amelala."

Macho yangu, tangu utoto, ni Kulwa na Doto.
Nyumbani Bugarika walisema, wala si kwa ubaya:
Kulwa anamtazama mgeni, Doto anatazama jiko.
Ubongo ukachoka kusikiliza kesi mbili,
ukamwambia Doto anyamaze.
Akanyamaza miaka thelathini na minne.

Nikaishi ndani ya kalenda.
Mawe ya mlimani yalikuwa yamepigwa pasi.
Chai niliimimina kwa kugusisha birika kwenye kikombe,
kli, ndipo nikainamisha.
Kushuka pantoni ya Kamanga nilitanguliza kidole cha mguu
kama mtu anayeuliza hodi.
Kaka yangu Masalu akirusha limau, nililipokea kwa shavu.
Nilidhani wote wanaona hivi,
ila wenzangu wana bahati.

"Na hao wenye mawili mazima," nikamuuliza,
"kwa nini hawaoni kila kitu mara mbili?"
Akauliza: "Umefika Igombe wakianika dagaa?"

Dagaa juu ya wavu, elfu, na elfu nyingine,
wote fedha, wote tone moja jeusi la jicho.
Kulwa anawaona kutoka huku.
Doto kutoka huku, vidole vitatu pembeni.
Nyuma, kisogoni, gizani,
ambako hakuna jua wala harufu ya samaki,
kuna anayewaoanisha:
huyu wa Kulwa ndiye yupi wa Doto?
Hawana majina. Hawana kovu.
Wanaofanana naye ni wengi, aliye wake ni mmoja.
Na akishapatikana, ile tofauti inayobaki,
unywele tu wa kutokubaliana,
haitupwi.
Huo ndio umbali.
Mashahidi wakisema neno kwa neno, hakimu hushuku:
hawa wamefundishwa nyumba moja.

Hukosea pia. Ikodolee senyenge ya shule,
matundu yote sawasawa,
ubongo utaliozesha tundu hili kwa jirani asiye wake
na senyenge nzima itakuja kuelea karibu na pua yako,
ukiinyooshea mkono, hakuna kitu.

Miezi saba ya uzi.
Kichwa kikiuma, watoto wa jirani wakiuliza
kama natafuta stesheni ya redio.
Kisha asubuhi moja, mvua imekatika,
nasugua sufuria mlangoni, nikainua uso:

     Jiwe likatoka mbele, jingine likawa nyuma,
     Nafasi tupu ya pale, ikawa kitu kizima,
     Na majani yote yale, kila moja limehama,
     Ziwa nalo, kule kule, likakataa kukoma.

Sufuria ilibingirika hadi kwa mama Ng'washi.
Sikuifuata.

Mwalimu wa darasa la sita alitufundisha kina:
sauti mbili zinazofanana, zimesimama mbali mbali,
sikio likizikutanisha.
Wavuvi nao wana kina chao,
wanakipima kwa kamba yenye jiwe.
Nikaandika daftarini: maneno mawili,
yamefanana kwa bahati.
Akaweka vema. Sasa ile vema sina hakika nayo.

Usiku, nikichoka, Doto husinzia
na mawe hurudi ukutani, Januari hadi Desemba.
Sigombi. Namwacha alale, amechelewa kuanza kazi.

Asubuhi mvuke unapanda mbele ya kikombe,
kikombe mbele ya meza,
meza mbele ya dirisha lenye uzi.
Naona kabisa ukingo ulipo.
Bado nagusisha birika.
Kli.