Kumi na Saba

Nilizichanganya Mafinga, juu ya meza ya gesti,
funguo elfu kumi zisizo na chuma wala kutu,
tarakimu tupu, ndefu kama foleni ya mbolea ya ruzuku.
Vihisi sitini, kila kimoja kama kiberiti,
nikavichotea bila kuchagua:
sabini na tano hiki, sabini na tano kile.
Chengula akacheka: "Unagawa kama anayelisha kuku."
Ndiyo. Anayegawa kwa mpango
humwachia mwizi mpango.

Tukavipanda Sawala, katikati ya chai,
kwenye matuta, chini ya milingoti, hadi bondeni
ambako baridi hushuka kulala.

Jioni vikaanza kubishana hodi.
Hakuna anayetoa ufunguo hadharani;
hutaja jina lake tu, upepo ukisikia na usikie.
"Ninao wa mia nne na tatu."
"Sina."
"Wa elfu sita na tisa?"
"Huo ninao."
Basi. Kuanzia hapo ni kunong'ona.

Hata kwenye mizani ya majani ndivyo ilivyo.
Yusta Mhongole ana Kihehe, na Kibena cha ujirani;
kibarua wa Makete ana Kikinga, na Kibena cha mkewe.
Kibena kimoja kinawatosha kugombania kilo mbili.
Wasiopata lugha humtafuta wa tatu,
naye awe mwaminifu,
maana kila kinachopita kinywani mwake
anakionja.

Mwezi wa sita. Sakitu.
Saa tisa usiku kumi na saba anasema nyuzi tatu
(nimeshaanza kumwita "yeye", mnisamehe),
anamnong'oneza jirani, jirani anamnong'oneza jirani,
hadi simu ya Yusta inalia chini ya mto,
na watu wanatoka na blanketi mabegani
kuwasha moshi wa maranda.

Halafu arobaini na saba akanyamaza.
Shimo tupu, na nyayo za ndala.
Najua, alitaka betri.
Lakini aliyemshika kashika funguo sabini na tano;
anaweza kusimama barabarani
akasema kwa sauti ya arobaini na saba:
kuna joto, laleni.

Nikatuma neno shambani kote, na saini yangu:
zisahauni hizi. Nikazitaja zote, moja moja.
Wakatii. Hawana kigugumizi cha huruma.

Ila kumi na saba, kule bondeni,
alishikamana na wenzake kwa funguo mbili tu,
na zote mbili zilikuwa katika zile.
Usiku ule alisema nyuzi moja.
Akasema sifuri.
Akasema chini ya sifuri, akarudia, akarudia,
kwa lugha ambayo hakuna jirani aliyebaki nayo.

Asubuhi mistari minne ya Yusta ilikuwa myeusi
kama majani yaliyokwisha kuchujwa.

Lameki alikuja mwenyewe, na mfuko wa plastiki.
Yuko kidato cha nne. Betri ilikuwa kwenye tochi,
tochi juu ya daftari la fizikia.
Hakujua ana funguo. Alidhani ana mwanga.
Yusta hakumpiga. Alimwonyesha mistari, akaondoka.

Sikumrudisha arobaini na saba shambani.
Aliyewahi kushikwa haulizwi tena habari ya baridi,
hata kama hana kosa.
Hilo nililiandika kwenye ripoti. Halikunipendeza.

Kisha nikateremka bondeni na waya,
nikapiga magoti kwenye tope
nikampa kumi na saba funguo mpya, mkono kwa mkono,
pasipo upepo wa kusikia.

Yusta alisimama nyuma yangu, kikapu mgongoni.
"Kila mmoja hapa ana kidogo," akasema.
"Zote elfu kumi anazo nani?"

Nikagusa mfuko wa koti langu.
Akaniona nikigusa.