Saa ya Kitwitwi

Bwawa namba tano, Ruai, Oktoba, mvua bado.
Naisula anabeba chupa za maabara,
mimi nimeshika ufito wa kupimia kina,
na maji ya jiji zima yanatufikia yakiwa yamechoka:
yameosha sufuria za Kayole, yameogesha Kilimani,
yamepita vyooni Buruburu bila kuulizwa jina.
Hapa yanalala juani siku kadhaa, yanajifikiria,
kisha yanaruhusiwa kuingia mtoni.

Ukingoni, kwenye tope jeusi, kitwitwi.
Anadonoa, anadonoa,
kama karani anayepiga mihuri
na foleni haipungui.

Wiki jana watafiti walimnasa mmoja kwa wavu, alfajiri.
Kitheka, mwenye mizani, alimweka kiganjani mwangu:
gramu ishirini na tatu.
Nimewahi kurudishiwa chenji nzito kuliko hiyo.
Mguuni alikuwa na pete, na kwenye pete namba
aliyovishwa kando ya ziwa moja la kaskazini,
kupita mji wa mwisho,
kupita mti wa mwisho.

Ziwa hilo, alisema Kitheka akimimina chai,
hufunikwa na barafu miezi tisa.
Udongo wake umeganda tangu kabla ya majina.
Kiangazi huyeyuka dhiraa moja tu, haizidi,
ndiyo maana maji hayana pa kuzama;
yamesimama nje kama wageni waliofungiwa mlango,
dimbwi hapa, dimbwi pale, hadi macho yachoke.
Mierebi ipo, lakini inakomea kwenye kifundo cha mguu.
Unaruka kijiti, kumbe umeruka msitu.

Mbweha hubadilisha kanzu, nyeupe kwa kahawia.
Bundi mweupe huketi chini kwa kukosa tawi
na kuhesabu panya:
wakiwa wengi hutaga,
wakiadimika anafunga duka mwaka mzima.
Na mbu wapo! Hapo nilicheka.
Humfukuza kulungu na mapembe yake yote
hadi kwenye kipande cha theluji kilichosalia.
Hilo sikuhitaji kuelezwa.
Nimelala Njiru bila chandarua.

Lililoninyima usingizi ni hili:
Juni, kule, jua halitui.
Sisi saa yetu hufunguliwa na jua;
likichomoza tunaanza, saa moja, saa mbili,
likizama tunaanza upya.
Kule ningemjibu nini mtu akiniuliza wakati?
Saa elfu moja na mia tatu za mchana?
Na Desemba, usiku ukishapita saa kumi na mbili
ukaendelea tu, bila jogoo,
tungeuitaje?

Kitwitwi haulizi. Hufika barafu ikianza kupasuka,
jike hutaga manne, humwachia dume ayaatamie,
hutaga manne mengine, huyaatamia mwenyewe.
"Huyo ana mpango," alisema Naisula,
ambaye mumewe hajawahi kumbadilisha mtoto nepi.

Sasa yuko hapa, kati ya maji yote ya dunia
amechagua haya tuliyoyakimbia na pua zetu.
Wadudu walioshiba masalio ya Kayole
watakuwa mafuta kifuani mwake,
mafuta yatakuwa bawa, bawa litakuwa njia,
na Juni ijayo, kwenye kishimo cha kuvumwani,
katika yai lenye madoa
kutakuwa na ugali wa mtu wa Nairobi
asiyejua kwamba alimlisha mgeni.

Rejista ya bwawa ina safu ya joto,
ya kina, ya harufu. Ya ndege haina.
Naandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:
vitwitwi mia tatu na kumi, labda kumi na mmoja,
mmoja alisimama nyuma ya mwenzake.

"Saa ngapi?" Naisula anauliza, chupa ya mwisho imejaa.
Natazama jua, kwa mazoea.
Saa mbili na nusu.
Angalau hapa.