Daftari la Walioanguka

Msimu huu wameanguka kumi na wanne.
Ndivyo lisemavyo daftari langu, ofisi ya fidia, Wete:
wino wa bluu kwa waliovunjika,
mwekundu kwa wale wengine.

Kijiji kimoja, ukikitazama peke yake,
hukaa hata miaka saba hajaanguka mtu.
Wenyewe husema: mikarafuu ya kwetu ina heshima.
Lakini kusanya Piki, Ole, Mtambwe, Kinyasini,
kusanya kila tawi lililokauka ndani likajifanya bichi,
nami kila Jumatatu nina jina.

Jana umeme ulikatika. Mize, mtoto wa dada yangu,
yuko likizo kutoka chuoni Tunguu,
na kompyuta yenye robo ya chaji.
“Mjomba,” akasema, “hata mimi nahesabu wanaoanguka.”

Akanionesha galaksi: tone la tui
lililodondokea kitambaa cheusi.
Katikati yake, shimo.
Nyota ikilisogelea mno haimezwi nzima.
Ubavu wa karibu huvutwa kuliko ubavu wa mbali,
tofauti ile ile inayoyapandisha maji ya bamvua
mpaka kwenye mizizi ya mikandaa,
na tofauti ikizidi, nyota huchanika
kama kanga kuukuu, pindo hadi pindo.
Nusu hurudi shimoni.
Nusu hutupwa nje, haina anwani.
Kisha mwanga: hupanda kwa wiki chache,
hushuka kwa miezi, haraka mwanzoni,
halafu polepole, halafu polepole zaidi.
Mshuko huo naujua.
Nimeuona kwenye nyuso za wajane
wanaokuja kutia dole gumba.

“Mara ngapi?” Swali la kazi yangu.
Galaksi moja, akasema, huenda ikangoja miaka elfu kumi. Huenda laki.
Nikacheka. Karani gani atakaa kungoja hilo?
“Huingoji moja, Mjomba. Unazitazama laki kwa pamoja.”
Nikaacha kucheka.

Chaji ikabaki uzi mwekundu.
Akaongeza, kama anayeungama:
hesabu zetu zilikuwa pungufu.
Hata galaksi za jirani, tunazodhani tunazijua,
nyingine zina vumbi kitovuni.
Nyota huchanika nyuma yake, mwanga usitufikie.
Ila vumbi hupata joto.
Ukilipima joto hilo, hata baada ya miaka,
unajua: hapa pameanguka kitu.

Skrini ikazima.

Gizani akanijia mtoto wa Mtambwe.
Hayumo daftarini. Ana miaka kumi na mmoja,
na sheria haimtambui mtoto juu ya mti,
basi baba yake alisema kateleza kisimani.
Nilikuwepo. Nilikwenda kwa jambo jingine, sahihi tu.
Nikaona jamvi la karafuu halijageuzwa siku tatu,
limeanza kuvunda kwa chini.
Nikaona mabeseni ya maji ya moto
yakiingia chumba cha nyuma, moja baada ya jingine,
na mama mtu akinimiminia chai
kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.
Nikasema ahsante.
Nikafunga mkoba, nikapanda pikipiki.

Umeme umerudi saa tisa usiku.
Daftari nimelileta nyumbani, kinyume cha taratibu.
Jina, kijiji, jeraha: safu tatu, miaka kumi na tisa.
Nimepiga mstari wa nne kwa rula
na sijui kichwa chake nikiite nini.

Mize kalala na viatu.
Nimeandika kwa penseli: Mtambwe. Mvulana. Mguu, labda na nyonga.
Pembeni nikaandika: vumbi lina moto.
Kisha nimefuta hayo ya vumbi,
mkuu wangu atauliza.
Mtambwe nimeiacha.