Mbinja Tatu

Mbinja moja: kaeni kando, linaanza kwenda.
Mbili: leteni mabua, moto unafifia.
Tatu, ndefu, kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama:
maji.
Hiyo ya tatu ilikuwa yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Montana,
na farasi wawili, Borken na Sokka,
na tangi la mbao lililovuja kila kiungo.
Maili sita hadi kijitoni, maili sita kurudi,
na vumbi lilifika kabla yangu kotekote.

Bwana wa reli alimwambia baba
kwamba nchi hii haina haja ya mvua nyingi:
ilime kwa kina, ipige haro mpaka juu iwe unga,
unyevu utalala chini kama senti ndani ya godoro.
Baba, Eilert Brekke, mtoto wa pwani ya ukungu,
aliyekulia ndani ya nguo zisizokauka,
akaamini. Nani asingeamini
mbele ya plau ya midomo kumi?

Maana dude lilikuwa zuri, nisiseme uongo.
Tani kumi na nane za chuma cheusi,
na nyasi ambazo hazijawahi kuguswa zikapinduka
kwa mlio wa jora jipya likichanwa dukani.
Fundi wake, Leberecht Kettler,
jicho moja daima kwenye kioo cha maji,
alinionyesha kwa kucha: "Yakishuka hapa,
kimbia. Usiage mtu."

Hilo hilo lililolima Mei,
Agosti likafungwa mkanda mrefu, likazungusha mashine ya kupura.
Kijito kikawa tope. Tope likawa vigae.
Nikaleta maji ya magadi; boila likatoa povu
na Leberecht akatukana kwa Kijerumani hadi jioni.

Siku ya mwisho mbinja tatu zilinikuta uani.
Palikuwa na pipa moja, la nyumbani.
Mama alikuwa na unga viganjani.
Alinitazama, akalitazama pipa, akamtazama Jorunn kwenye susu.
Akachota kata moja, akaimimina juu ya unga,
kisha akalisukuma pipa kwa goti.
"Nenda," alisema, "lisije likapasuka likatuulia watu."
Hakusema neno juu ya ngano.

Tulimaliza. Magunia mangapi, sikumbuki.
Nakumbuka mkate wa usiku ule,
mdogo kama ngumi,
na baba aliula amesimama.

Miaka mitatu baadaye treni ile ile ilituondoa.
Dude likabaki, lina deni, halina mnunuzi.

Mwaka jana nilirudi, bibi mwenye fimbo.
Ndege wamejenga tanuruni.
Nimeweka kiganja kwenye ubavu wenye kutu
mawingu yakija kutoka magharibi, mazito, hayana haraka.
Tone la kwanza halikuangukia udongo.
Liliingia kwenye bomba la moshi;
nililisikia likishuka hadi tumboni.

Hata sasa, nikawaza,
linakunywa kwanza.